Furushi Tulilolificha kwa Heshima

Wadogo zangu wa gishe,

Siku ya kuniaga mlinipa keki yenye jina langu, mkaimba, mkapiga picha na balansi, mizani yetu ya zamani, kisha hakuna hata mmoja aliyeniuliza kazi hii ya gishe, ya kupokea na kutuma mizigo, inafanywaje. Mliniuliza tu namba ya simu ya yule shofere anayeleta samaki wa Mahagi. Nilikasirika wiki nzima. Sasa hasira imepoa kidogo, nimenunua kaye, daftari la kurasa mia mbili, na nitawaandikia mlichopaswa kuuliza. Mkiona naongeza chumvi, jueni kwamba chumvi ni yangu, lakini mboga ni ya kweli.

Nilifika depo nikiwa mbebaji. Wakati ule mgongo wangu ulikuwa kama daraja la chuma: gunia mbili za maharagi juu ya mabega, na ya tatu nilikuwa naivuta kwa meno. Mke wangu anakana hiyo ya tatu, lakini hakuwepo. Mkuu wa gishe alikuwa mama Jeanne, mwanamke mpana mwenye sauti ndogo, ambaye sikumwona hata siku moja akiinua karton, na bado depo nzima ilisimama kwa ajili yake. Siku ya kwanza alinisimamisha mbele ya balansi ya ndoano, ile ile mliyopiga nayo picha, akaniambia inadanganya, lakini inadanganya kwa uaminifu: mzigo mzito inauongezea kilo mbili, mwepesi inauibia nusu, na haijawahi kubadilisha tabia. Kisha akanifundisha sindano ya magunia. Kisha akanifundisha jambo ambalo ninyi mnalidharau kila siku ya Mungu: jina la mpokeaji linaandikwa mara mbili, kwenye etiketi ya nje na kwenye kikaratasi cha ndani, kwa sababu mvua ya njia ya Djugu inasoma etiketi zote na kuzifuta.

Somo lake la mwisho lilikuwa chini ya meza. Hapo palikuwa na sanduku la bati lenye kufuli. Mnajua mji wetu wa Bunia: mwanaume ana mke nyumbani, na mahali pengine ana mwanamke wa kificho tunayemwita biro ya pili. Mzigo unaokwenda au kutoka kwa biro ya pili, alisema mama Jeanne, hauandikwi katika kaye kubwa, kwa maana kaye kubwa inalala wazi juu ya gishe na wake za watu wana macho. Mzigo huo unachorewa msalaba mdogo nyuma ya etiketi, unaingia sandukuni, unangoja mkono wa mwenyewe. Na kama biro ya pili amemtumia kitu mke halali, hicho hakitoki kabisa. "Ile ni vita wamefunga na kamba," aliniambia. "Ilale umu mpaka isahau kwenye ilitoka." Desturi hiyo tuliiita heshima. Niliijivunia kuliko mgongo wangu.

Mchana nilibeba, jioni nilisoma. Katika shule ya jioni nilikuwa mkubwa kuliko mwalimu, naye aliniita papa hata aliponipa sifuri. Nilipopata diploma nililala nayo miezi mitatu, na mama Jeanne akaniweka kwenye gishe nishike kaye. Kisha ikaja vita. Sitaiandika, mliiona, au wazazi wenu waliiona, na wino wangu hautoshi. Ilipoisha ikaja ile amani ya kulala na viatu miguuni. Njia ya Mahagi na Aru ikafunguka nusu. Kamyo za mizigo za kwenda Ariwara, soko la mpakani, zikawa zinatoka siku moja tu kwa wiki, Alhamisi, zikijipanga kwenye baryeri, kizuizi cha kutoka mjini, kungojea askari wa kuzisindikiza, na Alhamisi hiyo hiyo za kule zikaingia. Mama Jeanne alikwenda kupumzika kwao Mahagi, akaniachia marka ya kuandikia etiketi, sindano na ufunguo wa sanduku.

Ndipo akaja mama Kahindo.

Alikuwa Munande wa kutoka Butembo, mwenye butike ya nyuzi, zipu na vifungo karibu na soko. Mume wake, Kambale, alikuwa akikaa Ariwara wiki nyingi kununua vitambaa na viatu vinavyovuka kutoka Uganda. Nilimjua kama klienti wa kawaida, mwenye mafurushi yaliyofungwa vizuri, jambo linalonifurahisha hata leo. Alhamisi moja, gishe imejaa, nyuma yake mkuu wa kwaya ameshika jogoo, alinisogezea furushi la sabuni na kuniambia kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi:

"Papa Timo, siye na bwana yangu tulikubaliana. Yeye iko na Adiru kule Ariwara, miye niko na fundi Pascal hapa. Kila mutu anajua na kila mutu alikubali. Kitu moja tu hatutaki, kufichana. Basi vitu vyetu vyote vitapita hapa kwako, unaandika mu kaye, na kila Alhamisi nitakuja kusoma."

Marka ilinianguka. Mkuu wa kwaya alimbana jogoo mpaka jogoo akalalamika kwa niaba yetu sote. Nilimwomba mama aseme polepole. Alidhani sikusikia, akarudia kwa nguvu.

Siku zilizofuata alinieleza sheria zao, zote kumi na moja, kila Alhamisi kidogo, huku viazi vya watu vikiota mizizi kwenye foleni. Yule aliye nyumbani ndiye wa kwanza kuambiwa habari, asizisikie kwa jirani. Pascal hakai kwenye kiti cha Kambale, hata Kambale akiwa mbali. Kahindo na Adiru hawapigiani simu: walijaribu mara moja, wakatukanana mpaka uniti zikaisha, kisha kila mmoja akanunua nyingine ili wamalizie. Jambo kubwa linaandikwa kwa barua na linatumwa kwa mwenyewe. Na jambo likiwa kati ya wanawake wawili, Kambale anafunga mdomo mpaka mwenye kuulizwa ajibu, asije akamsukuma mmoja kwa kumpendelea mwingine. Nilichoka. Ndoa yangu ina sheria moja tu, nirudi na mkate, na hata hiyo naivunja. Mashemasi walinijia kuniuliza kwa nini naandika aibu katika kaye ya kampuni. Niliwajibu kwamba naandika sabuni.

Lakini niwaambie kilichonikera zaidi: mipango yao ilikuwa inatembea vizuri. Kahindo alikuja, akateremsha kidole kwenye ukurasa, akasoma, "Viatu, kwa Adiru. Ndiyo, aliniambia." Akafunga kaye, akaenda kuuza zipu. Kambale akirudi Bunia, Pascal alikwenda kumpokea pale depo, wakasaidiana kubeba makarton, na nilikuwa nawatazama kama mtu anayetazama mbuzi akiendesha pikipiki. Siku moja nilimwuliza Kahindo kama hana wivu. Alisema anao, tena mwingi, ila wivu wa kitu anachokijua unamwacha alale. Usingizi ulikuwa unamkimbia zamani, miaka ile Kambale alipokuwa anamficha. Wakati huo huo, chini ya meza yangu, lile sanduku la heshima lilikuwa limejaa mizigo ya wanaume waliokuwa wakiapa kanisani kwamba hawajui hata njia ya Ariwara.

Sasa kosa langu. Alhamisi moja shofere alinipa furushi dogo, safi, lililoshonwa kwa uzi mwekundu. Etiketi: anayetuma, Adiru, Ariwara. Anayepokea, mama Kahindo, Bunia.

Biro ya pili kwa mke halali! Ninyi mtasema: lakini papa, hawa walikuwa wamekubaliana, mama alikuambia mara elfu. Ndiyo. Aliniambia mara elfu, na mkono wangu ulikuwa umefundishwa miaka zaidi ya ishirini. Kichwa kilikuwa kimemwelewa Kahindo. Mkono ulikuwa bado unafanya kazi kwa mama Jeanne. Mkono ukachora msalaba, ukafungua kufuli, ukalaza furushi. Nilijiambia nimeokoa nyumba ya watu. Nilijisikia mkubwa kama kanisa kuu.

Saa sita Kahindo akaja, akateremsha kidole.

"Leo haiko kitu, papa?"

"Haiko kitu, mama."

Akaenda zake. Alhamisi ya pili tukasema maneno yale yale, na ya tatu pia. Ile ya tatu alisimama kidogo, akanitazama, akasema Kambale siku hizi kwenye simu amekuwa kama mtu mwenye jino bovu. Nilimwambia ni network.

Alhamisi ya nne aliingia mapema, macho mekundu, na nyuma yake fundi Pascal akiwa amebeba mashine ya kushona kichwani. Mashine hiyo Kahindo alikuwa amepewa na mama yake siku ya ndoa. Ilikuwa haijawahi kutoka nyumbani. Alisema tuipime na kuiweka kwenye kamyo ya Butembo. Naye mwenyewe anapanda hiyo hiyo. Anarudi kwao.

Pascal aliiteremsha mashine polepole kama mtoto mchanga. "Mama, fikiri tena," alimwambia. "Ukienda, miye nitabaki na nani? Na Kambale?"

Watu wawili walicheka. Kahindo hakucheka. Nilimwuliza kuna nini, na akaniambia akitazama balansi. Shofere mmoja, aliyeambiwa kwa simu na wenzake wa Ariwara, alikuja kununua zipu kwenye butike, akampongeza kwa kupata mwenzake: Adiru ameuza sufuria za mgahawa wake, na Alhamisi ijayo anapanda kamyo ya kuja kuhamia Bunia. Kahindo alimpigia Kambale saa ile ile, akamwuliza kama ana neno la kumwambia. Kambale akajibu, "Miye sina neno. Neno iko kwako." Akakata.

"Kwangu," Kahindo akasema. "Miaka yote hii hatufichani, sasa anamuleta mu muji yangu bila kuniuliza, na anasema neno iko kwangu. Kama ni kunificha, angenificha zamani, ningezoea. Pima mashine, papa."

Ndoano ilikuwa mkononi mwangu. Furushi la uzi mwekundu lilikuwa chini, usawa wa goti lake, ubao mmoja tu kati yao. Na mimi, mwenye diploma, nilihitaji muda mrefu kuelewa kitu ambacho jogoo wa mkuu wa kwaya angekielewa mara moja: neno lilikuwa kwake kweli. Lilikuwa kwake tangu wiki tatu. Mimi ndiye niliyelikalia.

Niwaambie ukweli, niliwaza kunyamaza. Nikifungua sanduku mbele ya foleni ile, mji mzima utajua lipo, na nusu ya waume wa Bunia wataniwinda kwa panga. Nikinyamaza, kamyo ya Butembo inaondoka saa nne, na hakuna atakayejua kamwe. Niliipima mashine. Kilo ishirini na tisa. Toa mbili za uongo. Nikaandika namba. Kisha nikaona siwezi kuandika jina lake kwenye etiketi. Mkono ule ule uliochora msalaba ulikataa.

Nikainama, nikafungua kufuli, nikaweka furushi juu ya gishe.

"Mama, hii ilifika Alhamisi tatu zimepita. Miye njo nilificha."

Kahindo alisoma etiketi, akaigeuza, akaona msalaba. Alikata uzi kwa meno. Ndani mlikuwa na kitenge cha vipande sita na barua. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akampa Pascal, naye, kwa kuwa hawezi kusoma bila kutamka, akaisoma kwa sauti kidogo na sote tukasikia. Adiru aliandika kwa heshima. Kwamba kazi ya mgahawa imemchosha, na anatamani kuja kuishi Bunia. Kwamba Kambale amemwambia hawezi kuamua, hilo ni la mama Kahindo. Basi anamwuliza. Kama mama hataki, amwandikie. Kamyo mbili zikipita bila jibu, ataelewa kwamba amekubali, kwa maana mtu akinyamaza amekubali.

"Kumbe aliniuliza," Kahindo akasema. Alikaa juu ya gunia la mtu. "Wote wawili walifanya vile tulisema. Na Kambale alinyamaza kwa sababu ni sheria." Kisha akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mama Jeanne. "Papa Timo. Siye watu wane tulikubaliana tusifichane. Weye, ni nani alikuomba?"

Nilimweleza ilikuwa heshima.

"Heshima ya nani?"

Wadogo zangu, nimefanya mitihani mingi. Hilo hawakulitunga katika shule ya jioni.

Kahindo aliomba karatasi na bic ya kuandikia. Aliandika mistari michache, bila kusita, na akanisomea kwa sababu alitaka shahidi. Alimwandikia Adiru kwamba anamshukuru kwa kumwuliza, na jibu ni hapana. Ariwara ni ya Adiru, Bunia ni yake. Mji mmoja kwa watu wanne hautamwacha alale. Hasemi hivyo kwa chuki. Na barua imechelewa kwa kosa la mtu wa gishe ambaye atajieleza mwenyewe. Akakunja. Nikachukua etiketi, nikaandika jina la Adiru, nikaigeuza, na mnaweza msiniamini, mkono ukachora msalaba. Wenyewe! Kahindo aliniondolea marka vidoleni, akaichana etiketi, akaandika nyingine kwa herufi kubwa kama bango la kampeni.

Tatizo: jambo kubwa haliendi kwa simu, ni sheria yao, na kamyo ya Ariwara ilikuwa imeshaondoka gishe. Ikipita baryeri, barua itangoja wiki nzima, na Alhamisi hiyo Adiru atakuwa njiani na maisha yake yote ndani ya beseni. Nilimwachia Pascal gishe, nikapanda pikipiki ya kwanza niliyoiona. Yule motari alikimbia mpaka kuku wa mtaa wa Shari wakaacha kutaga siku mbili. Tukakuta magari yamejipanga, askari wanapanda, shofere wetu ameshawasha. Nilijitupa mbele ya kamyo nikiwa nimeinua barua, na koplo mmoja akaniuliza kama naacha mapenzi yaniue. Nilimwambia siyo hata yangu.

Niliporudi, mashine ya kushona ilikuwa bado chini ya balansi. Kahindo alikuwa amekaa kwenye kiti changu, kaye kubwa mbele yake. Aliniamuru niandike furushi la Adiru, na tarehe ya kweli ya kufika, na niweke sahihi. Kisha akamwambia Pascal ainue mashine, wakaenda nayo. Kwenda nyumbani, siyo Butembo.

Adiru hakuja. Alijibu Alhamisi iliyofuata. Alikuwa amekasirika, na hakuna wa kumlaumu: ameuza sufuria kwa ajili ya ukimya ambao haukuwa hata wa Kahindo. Lakini aliandika kwamba hapana iliyosemwa anaweza kuishi nayo. Sufuria nilinunua mimi, tatu, za kimo cha mtoto wa darasa la tatu, nikazipeleka Ariwara na barua ya kuomba samahani yenye kurasa nne. Mwalimu wa shule ya jioni angenipa ishirini juu ya ishirini. Adiru alinirudishia mfuniko mmoja, akasema haukai.

Kambale aliporudi Bunia nilijificha nyuma ya magunia ya sukari. Alinitoa huko, akanishika bega. Nilingoja kofi. "Papa," akasema, "tulikaa miezi mbili kutafuta makosa yote inawezekana, njo tukapata sheria kumi na moja. Ile ya kumi na mbili hatukuifikiria. Ilikuwa weye."

Kisha nikaondoa sanduku. Mafurushi tisa yaliyobaki niliyaandika katika kaye kubwa, moja moja, jina la anayetuma na la anayepokea. Kelele iliyofuata mliisikia, kama mlikuwa mmeshazaliwa, na kama hamkuwa mmezaliwa nadhani mliisikia tumboni. Wanaume wazima walibadilisha njia wasipite mbele ya gishe. Mmoja alihamishia mizigo yake kwa washindani wetu, na nikamtakia mvua. Niliulizwa kama nimeokoka, kama nimelewa, kama mimi pia nimefungua ndoa yangu. Mke wangu aliulizwa hivyo sokoni, akajibu kwamba mume huyu mmoja anatosha kuchosha watu watatu. Msidhani nawahubiria mfanye kama wale wanne. Mimi nisingeweza hata wiki; ningesahau sheria ya pili. Nawaambia tu habari ya kaye. Mnapochora msalaba nyuma ya etiketi, hamjui ni neno la nani mnalikalia. Na siku ya keki, mmoja wenu alivuta droo kutafuta kisu, na nikaona etiketi mbili zimelala kifudifudi. Sikusema kitu kwa sababu mlikuwa mnaimba.

Alhamisi ya kwanza baada ya kuondoa sanduku, nilimngoja Kahindo kwa woga zaidi kuliko siku ya diploma. Nilijua ana haki ya kunisimamia, kufungua droo, kuinama na kutazama chini ya meza. Ningefanya hivyo mimi. Alikuja saa sita kama kawaida, akasalimia, akavuta kaye, akateremsha kidole mpaka mwisho wa ukurasa.

"Leo haiko kitu, papa?"

"Haiko kitu, mama."

Alifunga kaye, akaenda kuuza zipu.